Diski ya kompyuta kuukuu yataka daftari la namna gani?

Na Mwandishi Wetu

LIKO swali moja ambalo kompyuta huliuliza kwa upole sana, na ambalo limewagharimu watu picha za harusi zao, hesabu za vikundi vyao na barua za wazazi wao waliokwisha kufariki. Swali lenyewe huja pale mtu anapochomeka diski au flashi iliyokuwa ikitumika katika mashine nyingine. Kompyuta hunyamaza kitambo, kisha husema: diski hii haijafomatiwa, je, ungependa kuifomati sasa? Chini yake huonekana vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kukataa. Mtu mwenye haraka, au kijana anayetaka kuonyesha kwamba anajua, hubonyeza cha kukubali.

Ndugu msomaji, mara nyingi diski hiyo huwa nzima, na kila kilichowekwa ndani yake kimo. Kasoro ni kwamba kompyuta iliyochomekewa diski hiyo haijui kuisoma. Badala ya kukiri ujinga wake, yenyewe huitangaza diski kuwa tupu.

Hatari hii huwakabili zaidi wenye kompyuta za zamani, nao leo ni wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida wa bure kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa hiyo kompyuta nyingi zisizo na kasoro yoyote zimehesabiwa kuwa kuukuu kwa siku moja. Baadhi ya wenyewe wameziwekea Linux, wengine wamezigeuza kuwa ghala la picha na nyaraka za nyumbani, na wengine wanazitumia zilivyo.

Uamuzi wa kutokitupa kitu kizima ni wa busara. Lakini kila aliyeufanya hana budi kuamua jambo jingine, ambalo aghalabu hufanywa kwa kubahatisha: diski zake ziandikwe kwa mfumo gani wa mafaili?

Bohari na daftari lake

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yatosha kabisa kutueleza mfumo wa mafaili ni kitu gani.

Diski ni mfano wa bohari lenye mamilioni ya visanduku vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, na kila kimoja kina namba yake. Picha moja ya mtoto yaweza kujaza visanduku elfu moja, wala si lazima viwe vimepangwa bega kwa bega. Vingine vyaweza kuwa mlangoni na vingine nyuma kabisa. Kinachoifanya picha hiyo irudi nzima ni daftari lililomo ndani ya diski yenyewe. Humo huandikwa jina la kila faili, ukubwa wake, tarehe yake, namba za visanduku vyake, na pia visanduku vipi vingali wazi. Daftari hilo, pamoja na kanuni za kuliandika, ndilo liitwalo mfumo wa mafaili. Kufomati ni kufungua daftari jipya na kulisahau la kwanza.

Sasa, madaftari haya hayakubuniwa na mtu mmoja wala kwa wakati mmoja. Kila kampuni kubwa ilibuni lake, na kila baada ya miaka kadhaa likaja jipya lenye kanuni nyingine. Kompyuta ya zamani husoma yale tu yaliyokuwako wakati programu zake zilipoandikwa. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya: diski huandikwa leo, lakini huenda msomaji wake ni mashine iliyohitimu shule miaka ishirini iliyopita. Anayetaka mali yake isomeke hana budi kumfikiria kwanza yule msomaji mkongwe kuliko wote.

Mzee FAT

Daftari kongwe linalotumika mpaka leo ni FAT. Lilibuniwa Microsoft mwaka 1977 kwa ajili ya disketi, likaenea duniani baada ya IBM kutoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981. Mwaka 1984 likaja FAT16. Hilo hatimaye liliweza kutunza bohari la gigabaiti 2, lakini kwa gharama kubwa. Katika bohari la ukubwa huo kila kisanduku kilikuwa cha kilobaiti 32, na kisanduku kimoja hakikuweza kuwekwa vitu vya mafaili mawili. Barua fupi ya kilobaiti 1 ilikamata kisanduku kizima. Barua elfu moja, ambazo kwa haki zingejaza megabaiti 1 tu, zilimeza megabaiti 31 hivi.

Dawa ya hasara hiyo ilikuja mwaka 1996, pale toleo la pili la Windows 95 lilipoleta FAT32, lenye visanduku vidogo zaidi na nafasi kubwa zaidi. Sifa kuu ya FAT32 ni kwamba karibu kila mashine hulisoma. Windows 98 hulisoma, na Windows 11 hulisoma. Mac hulisoma, Linux hulisoma, na hata televisheni nyingi na redio za magari zenye tundu la flashi hulisoma.

Lakini mzee huyu ana upungufu wake. Kwanza, hapokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Video ndefu ya harusi hupita kiwango hicho kwa urahisi, na mwenye flashi ya gigabaiti 64 iliyo tupu hushangaa anapokataliwa. Wengi hudhani flashi ni mbovu, kumbe ni kanuni ya daftari. Pili, kwa miaka mingi Windows yenyewe ilikataa kufomati kwa FAT32 diski iliyozidi gigabaiti 32, ijapokuwa FAT32 laweza kutunza diski kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi. Tatu, na hili ndilo zito, FAT halina ulinzi umeme unapokatika katikati ya kazi.

Umeme ukikatika

Hebu tutazame kinachotokea faili linapohifadhiwa. Jina lake huandikwa mahali pamoja katika daftari, namba za visanduku huandikwa mahali pengine, na visanduku vyenyewe hujazwa. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo, daftari hubaki likijipinga lenyewe. Huenda visanduku vikaonekana vimejaa ilhali havina mwenyewe, au mafaili mawili yakadai kisanduku kimoja. Waliotumia Windows 98 watakumbuka programu ya ScanDisk, iliyokuwa ikijitokeza yenyewe kila kompyuta ilipozimika vibaya. Kazi yake ilikuwa kulikagua daftari na kuupatanisha ugomvi wa namna hiyo.

Dawa iliyobuniwa ni shajara. Mtunza bohari, kabla ya kuligusa daftari kuu, huandika pembeni: nakusudia kufanya jambo hili na lile. Akimaliza, hufuta maneno hayo. Umeme ukikatika katikati, atakaporudi kazini husoma shajara yake, na kama kazi haikukamilika huikamilisha au huifuta yote. Daftari halibaki nusunusu, na ukaguzi uliochukua muda mrefu humalizika kwa sekunde chache.

Daftari la kwanza la Windows lenye shajara ni NTFS, lililotoka mwaka 1993 pamoja na Windows NT na kuingia majumbani kwa wingi pamoja na Windows XP mwaka 2001. Upande wa Linux, ext2 la mwaka 1993 halikuwa na shajara. Lilipata mrithi aliyekuwa nayo, ext3, mwaka 2001, na kisha ext4 mwaka 2008. Mac nazo zilikuwa na HFS+ tangu mwaka 1998, likaongezewa shajara mwaka 2002.

Kwa nini jambo hili liwahusu wenye kompyuta kuukuu kuliko wengine? Kwa sababu kompyuta ya mezani haina betri, na kompyuta ya mkononi ya zamani aghalabu betri yake imekwisha kufa. Zote mbili huzimika papo hapo umeme unapokatika. Kwa mashine ya namna hiyo, shajara si anasa.

Hata hivyo tusiipe shajara sifa isizostahili. Inalinda daftari, si jasho la mwandishi. Barua ambayo ulikuwa bado hujaihifadhi itapotea hata kama daftari ni la kisasa namna gani.

Wageni wenye mitego

Madaftari matatu yataka tahadhari ya pekee, kwa kuwa ndiyo huzaa lile swali la hatari tulilolitaja mwanzo.

La kwanza ni exFAT. Hili lilitolewa na Microsoft mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi za kamera. Limeondoa ukomo wa gigabaiti 4, lakini halina shajara. Kadi za kumbukumbu za zaidi ya gigabaiti 32 huuzwa zikiwa tayari na exFAT. Mtego wake ni huu: Windows XP haliijui exFAT mpaka iongezewe kiraka kilichotolewa mwaka 2009, Mac zilianza kuisoma mwaka 2010, na kiini cha Linux kiliipokea rasmi mwaka 2019, baada ya Microsoft kuchapisha kanuni zake. Kadi ya kamera mpya ikichomekwa katika XP isiyo na kiraka, mashine itaitangaza kuwa haijafomatiwa.

La pili ni APFS, daftari jipya la Apple, lililowekwa katika Mac kuanzia mwaka 2017. Lilitungwa kwa ajili ya diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, na katika diski za sahani mwendo wake huwa wa kusuasua. Mac iliyobaki na mfumo wa kabla ya mwaka 2016 hailisomi kabisa.

La tatu ni ext4 lenyewe, si kwa ubaya wake bali kwa ugeni wake. Windows haina uwezo wa kulisoma bila kuongezewa programu nyingine. Mzazi aliyehifadhi picha kwa Linux, kisha akamkabidhi diski mtoto mwenye Windows, amemkabidhi pia lile swali.

Yako madaftari mengine yenye sifa kubwa, kama ZFS iliyotoka mwaka 2005 na Btrfs iliyoingia katika Linux mwaka 2009. Haya huhakiki hata vitu vilivyomo visandukuni, na kutambua vilivyoharibika kimyakimya. Lakini hudai mengi zaidi kwa mashine na kwa mwenye mashine. ZFS hasa hupenda RAM nyingi, na kompyuta ya gigabaiti 2 haina ya kuigawia.

Maswali matatu ya kujiuliza

Uchaguzi wenyewe si mgumu mtu akijiuliza maswali matatu. Je, diski hii itakaa ndani ya kompyuta moja, ama itatembea? Kama itatembea, ni mashine ipi kongwe kuliko zote itakayoisoma? Na je, faili kubwa kuliko yote litakuwa la ukubwa gani?

Diski inayokaa ndani ifuate mfumo wa mashine yake, nayo iwe na shajara. Kompyuta ya Windows XP, Windows 7 au Windows 10 ipewe NTFS. Kompyuta kuukuu iliyowekewa Linux ipewe ext4, ambalo limekwisha kukomaa na halisumbui. Mac ya zamani yenye diski ya sahani inayozunguka ibaki na HFS+ yenye shajara. Kompyuta ya Windows 98, kwa wachache waliobaki nayo kwa ajili ya programu fulani ya kazi, haina hiari: Windows 95, 98 na Me hazisomi NTFS, kwa hiyo FAT32 ndilo lake.

Flashi ya kupeleka barua, hati za shule na picha huku na huko ipewe FAT32, maadam hakuna faili linalofika gigabaiti 4. Ikiwa kuna video kubwa, ipewe exFAT, baada ya kuhakikisha kwamba kila mashine itakayoipokea yaweza kulisoma.

Diski ya nje ya kutunzia nakala, inayotumiwa na kompyuta za Windows na za Linux, ipewe NTFS. Linux imeweza kuliandika NTFS kwa uhakika tangu mwaka 2007 kwa programu ya NTFS-3G, na tangu mwaka 2021 uwezo huo umo pia katika kiini chake. Lakini mwenye Mac akumbuke kwamba mashine yake hulisoma NTFS bila kuliandika, isipokuwa iongezewe programu.

Neno moja zaidi kwa wanunuzi. Diski kubwa za leo huweza kuzidi uwezo wa mashine ya zamani hata kabla ya daftari kufunguliwa. Diski hugawanywa kwa jedwali liitwalo MBR, na kwa kawaida jedwali hilo halihesabu zaidi ya terabaiti 2. Jedwali jipya, GPT, linaweza, lakini Windows XP ya kawaida ya nyumbani hailijui. Kwa hiyo anayenunua diski ya terabaiti 4 kwa ajili ya mashine ya XP ananunua kiatu kisichoingia mguuni.

Kabla ya kubonyeza

Kubadili daftari kwa kawaida ni kufuta. Njia moja tu ya Windows inaokoa mali: amri iitwayo convert, iliyomo katika Windows XP na zilizofuata, hugeuza FAT32 kuwa NTFS na kuyaacha mafaili yalivyo. Kurudi nyuma haiwezekani bila kufomati. Hata kwa amri hiyo, na sembuse kwa nyingine, kanuni ni ileile: nakili kwanza mahali pengine, fungua nakala kadhaa uhakikishe zinasomeka, ndipo uendelee.

Lile swali la kufomati likitokea bila wewe kulitaka, jibu ni hapana. Chomoa diski kwa utaratibu, uipeleke katika mashine iliyoiandika au iliyo mpya zaidi, uitazame huko.

Na kama mtu amekwisha kukubali? Asikate tamaa, lakini aache mara moja kuitumia diski hiyo. Asihifadhi kitu juu yake, wala asiifomati tena kwa kujaribu bahati. Kufomati kwa haraka hufuta daftari tu. Vitu vingalimo visandukuni, na fundi mwenye programu za uokoaji aweza kuvirudisha vingi. Kufomati kikamilifu ni habari nyingine. Katika Windows XP kulikagua visanduku bila kuvifuta, lakini tangu Windows Vista hujaza sifuri katika kila kisanduku, na kilichokuwamo hakirudi. Diski za kisasa zisizo na sahani nazo zaweza kusafisha visanduku vyake zenyewe muda mfupi baada ya daftari kufutwa, hivyo kukawia ni kupoteza.

Hatimaye, ndugu msomaji, ieleweke kwamba hakuna daftari linalomzuia mwizi, linalokausha maji ya mvua, wala linaloponya diski iliyochoka. Shajara hailingani na nakala ya pili iliyowekwa nyumba nyingine. Familia yenye picha za miaka ishirini katika diski moja haijaweka akiba. Imeweka mayai yote katika kapu moja.

Lipo jambo dogo ambalo kila mwenye diski aweza kulifanya jioni ya leo bila kutumia senti. Akate kipande cha karatasi, aandike juu yake jina la mfumo wa mafaili, aina ya kompyuta iliyoiandika diski, na mwaka, kisha akibandike juu ya diski kwa gundi. Siku atakapoirithi mtu mwingine, naye akaichomeka katika mashine isiyoijua, karatasi hiyo itamweleza kwamba diski si tupu, hata kama kompyuta itasema ni tupu.